Chakula kilichobaki jikoni

SWALI: Mhariri, nina mgahawa mjini Columbus, Ohio, na karibu kila jioni hubaki pilau na maharage ambayo hayajaguswa. Nikizigawia familia zenye shida, kisha mtu akaugua, je, nitashtakiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 humkinga anayetoa chakula kwa nia njema kupitia shirika la hisani, isipokuwa amefanya uzembe mkubwa au amedhuru kwa makusudi, na tangu 2023 migahawa inayotimiza masharti inaweza kuzipa familia zenyewe bila malipo. Tafadhali usiogope, maana kumwaga chakula kizima ni jambo la kuhuzunisha. Ila pilau isilale sufuriani: itandaze kwenye sinia pana, ipoe hadi nyuzi 21 za Selsiasi ndani ya saa mbili, kisha iingie kwenye friji.