Ukiachwa na meli Nakiwogo, achana na mtumbwi

Juzi msomaji aliniandikia akiwa Nakiwogo, gati la Entebbe, Uganda, inakotoka meli ya Kalangala: "Dada, MV Kalangala imeniacha. Kuna vijana hapa wana mtumbwi wa mashine, wanasema twende sasa hivi. Nifanyeje?" Nikamjibu asipande, kisha nikampigia, maana nawajua vijana wale na ulimi wao.

Nami nilishasimama pale pale. Nilikuwa nakwenda Kalangala, mji wa kisiwa cha Bugala katika Ziwa Viktoria, kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya binti wa shangazi, gomesi, vazi letu la sherehe, begini, keki ya sherehe mapajani. Taksi, basi dogo la abiria, ikaganda kwenye steji kumsubiri abiria wa mwisho, konda akiapa tunaondoka. Meli hutoka saa nane mchana na haimngoji mtu. Nilipofika, mabaharia walikuwa wanakunja kamba. Nikapiga kelele. Mmoja akanipungia mkono, eti kwaheri.

Kijana wa mtumbwi alishaipokea keki yangu. Nikamwuliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Akanionyesha moja, limechanika, amelikalia. Mbele kulijaa magunia na kreti za soda. Nikaichukua keki yangu. Agosti 2023 mtumbwi uliotoka Kalangala kwenda Kasenyi, huku bara, umesheheni watu na mizigo, ulizama wakafa watu 20. Shangazi mpaka leo hunikumbusha kwamba wenzangu walipanda mtumbwi wakafika. Walifika, ndiyo.

Kisiwa cha Bugala kina mlango wa pili, na wengi hawaujui. Upande wa Masaka kuna kivuko cha Bukakata kinachokwenda Luku, tena bure. Usikimbizane na jua. Lala Masaka uvuke asubuhi. Wala usirudi Kampala mjini kutafuta gari. Kodi gari dogo lipite barabara ya kulipia (ada ni shilingi 5,000 za Uganda) hadi Busega, pembeni mwa Kampala, udake taksi ya Masaka hapo. Ukifika Nyendo, mlangoni mwa Masaka, ulizia gari za Bukakata.

Mimi nilipita njia hiyo. Usiku wa gesti Masaka sina la kusimulia zaidi ya mbu. Nilifika kwenye kwanjula wasemaji wameshamaliza, watu wako kwenye matooke, keki haina hata ufa. Shangazi aliitazama keki, mimi hakunitazama.

Kama huna haraka, fanya alivyofanya yule msomaji: alilala Entebbe, kesho yake akapanda meli ileile, saa tano asubuhi alishakuwa gatini akiisubiri. Ndivyo inavyotakiwa! Ndugu zangu, mnapenda picha za visiwani lakini kuamka hamtaki. Mnataka ziwa liwafuate kwa saa zenu, na mkiachwa mnakabidhi roho kwa kijana msiyemjua hata jina. Aibu iliyonipata mimi inavumilika. Waarifuni wenyeji wenu mapema kwamba mmechelewa, nuna watanuna, halafu mlale.

Na kurudi je? Meli huondoka Lutoboka, gati la Kalangala, saa mbili asubuhi. Kama gesti yako iko mbali na gati, patana na mtu wa boda usiku uleule, umtangulizie nusu ya nauli tu.