Muulize Fundi: Bolti za mkuku zina kutu, tukaze tu au tung'oe?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na wenzangu wawili huku Kilifi tumenunua boti ya matanga kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ni ya faiba, futi 31, ya mwaka 1978, nia yetu ni kupeleka wageni jioni kuangalia jua likizama. Sasa tumefunua mbao za chini tukakuta nati kumi za mkuku (ule uzito mkubwa wa chini ya boti), sita zimevimba kutu na nne zinang'aa kama mpya, alafu maji hayaishi ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, kila asubuhi tunafua kama ndoo moja. Fundi mmoja katwambia tukaze nati tupake silikoni basi, mwingine anasema mkuku wote ushuke. Pesa zenyewe zimeishia kwenye kununua. Tumsikilize nani?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba. Huyo wa kukaza msimpe spana kabisa. Bolti iliyoliwa ukiikaza kwa nguvu inakatika hapo hapo, na isipokatika leo itakatika siku upepo wa kusi umewalaza ubavu na wageni wamo ndani.

Anzeni na kitu cha bure, lambeni hayo maji. Sitanii. Yakiwa baridi, yaani hayana chumvi, ni mvua, mvua huteremka kwa ndani ya mlingoti ikajaa ngamani, watu wengi wameshahangaika na mkuku kumbe tatizo liko juu. Yakiwa ya chumvi kagueni kwanza shafti ya injini na vali za chini, manake hizo nazo huvuja, na kama ziko kavu bas ni pale mkuku unapokutana na boti. Alafu kwarueni rangi kidogo ya mkuku mweke sumaku. Ikishika ni chuma cha kusubu, isiposhika ni risasi, na kazi zake si moja. Kwa chuma, bolti nyingi huwa zimekazwa kwenye mkuku kwa nyuzi, unaweza kuitoa moja moja. Kwa risasi mara nyingi bolti imemiminiwa ndani na imepinda huko chini, haitoki hata ulie, fundi anaingilia ubavuni kwenye risasi anachimba kidirisha na kuweka bolti mpya pembeni ya ile ya zamani.

Sasa hizo nne zinazong'aa ndo zinanitia wasiwasi kuliko hizo sita. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ina ngozi nyembamba sana juu yake ambayo inajitengeneza kwa hewa, ukiikwaruza inarudi yenyewe, lakini iwe na hewa. Pale kwenye kiungo, katikati ya faiba na chuma, maji ya chumvi yameingia yakatuama na hewa imeisha, ngozi hairudi tena na chumvi inaanza kutafuna. Juu nati inabaki inang'aa. Kuna moja niliitoa mwenyewe, bolti nene kama kidole gumba, nati yake ungeweza kujitazama sura, nikaizungusha ikaja kirahisi mno nikajua kuna jambo, kuivuta shingo yake ni kama penseli na imejaa vitundu vyeusi kama muwa uliotobolewa na wadudu. Kwa macho ya juu tungeipitisha.

Kwa hiyo kabla ya kubishana na fundi yeyote, kama mkuku ni wa chuma toeni mbili mzione, moja mbaya na moja inayong'aa. Boti ipande yadi, msifanye hii kazi wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, mmeiegemeza kwenye nguzo, mkuku wa boti ya saizi hiyo unaweza kufika tani mbili na maji hayawasubiri mmalize. Boti ikae juu ya mkuku wake mwenyewe kwenye magogo, ubavuni nguzo zimeshika, hapo bolti hazijabeba uzito. Mkikuta shingo zimeliwa badilisheni zote kumi, ni za umri mmoja zimekunywa maji mamoja.

Na zikiliwa mkuku ushuke kweli, hapo yule fundi wa pili ana haki yake, manake mkibadilisha bolti mkaacha kiungo kinavuja mnazipeleka mpya kwenye shimo lile lile. Chuma kisuguliwe mpaka kiwe cheupe na kipakwe epoksi siku hiyo hiyo, upepo wa pwani mnaujua, mkilala asubuhi kishageuka rangi ya chai. Silikoni hapana, haishiki vya kutosha na ikishapita hakuna gundi nyingine inayokubali kukaa juu yake, tumieni poliyurethani ya boti. Bolti za stenlesi ziwe na alama A4, ile A2 ni ya jikoni, na shaba nyeupe ya mabomba msiiguse, chumvi hunyonya zinki yake ikabaki kama biskuti. Chini ya nati wekeni bamba pana nene, hizi washa ndogo za dukani huzama kwenye faiba kama kidole kwenye mkate. Kukaza ni kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu, kipimo cha mtengenezaji wa boti, na mrudie tena baada ya siku chache.

La mwisho, muulizeni aliyewauzia kama iliwahi kupanda mwamba. Mei 2014 boti moja kwa jina Cheeki Rafiki (mwenyewe aliiandika hivyo) ilitoka Antigua kwenda Uingereza, mkuku ukang'oka katikati ya Atlantiki, watu wanne wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza waliandika kwamba kupanda mwamba huko nyuma na matengenezo yaliyofuata huenda yalidhoofisha pale mkuku uliposhikwa, na kule ndani faiba ilikuwa inaweza kuachana bila mtu kuona. Kwa hiyo mkiwa mmeinama na tochi tazameni na faiba inayozunguka nati, kama ina nyufa za nyota nyota au mbavu zimeachia, hiyo ni kazi nyingine na wageni wasubiri.

SWALI: Fundi, nikifunga zinki nyingi chini (vile vipande vinavyoliwa badala ya chuma) si zitalinda bolti za mkuku? Tanga.

JIBU: Hapana kaka. Zinki inalinda chuma kilicho kwenye maji yale yale na kimeunganishwa nayo, propela na shafti ndo kazi yake. Ndani ya kiungo haifiki.

SWALI: Jahazi la baba misumari inatoa kutu, nibadilishe niweke ya stenlesi? Lamu.

JIBU: Mbao ikilowa nayo haina hewa, stenlesi itakufanyia vile vile. Weka ya chuma iliyochovywa zinki ya moto, kalafati vizuri, mpe baba salamu.