Kifaru kisichofungana: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za awamu hii zinahusu kifaru kimoja: modeli ya plastiki ya T-34/85, kifaru cha vita cha Kisovieti, kipimo cha 1/35 (yaani ndogo mara 35 kuliko halisi), kutoka kwenye kalibu za zamani zilizochoka. Tumechagua tano.

Nijaze fila tu nisonge mbele?

*Mhariri, salamu kutoka Nakuru. Bodi ya juu ya kifaru changu hailali juu ya bodi ya chini. Mbele inagusa, nyuma unabaki mwanya wa karibu milimita 2, na ubavu wa kushoto umeingia ndani. Nimeibana kwa vibanio vya nguo na gundi mara mbili, lakini nikivitoa asubuhi inafunguka. Nijaze fila yaishe?*

Fila, ile lipu ya kuzibia mianya, ingoje, ndugu. Mwanya unaofunguka kila asubuhi si kosa la gundi. Ama kuna kitu ndani kinachosukuma, ama plastiki imepinda na inarudi ilikozoea. Ukipaka fila juu ya kiungo kilichokazwa kwa nguvu, itapasuka mstari mwembamba wiki chache baadaye, rangi ikiwa imeshakauka.

Bandua bodi zote mbili kwa kupitisha wembe mwembamba kwenye kiungo, taratibu. Usiingize bisibisi ukaanza kupindua. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa sababu kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo hukataa gundi na rangi. Vikikauka, kalisha bodi ya juu bila gundi, ishike kwa tepu, halafu mulika tochi ya simu kupitia tundu la mnara, ile sehemu ya juu yenye mzinga, chumba kikiwa giza. Utaona mwanga unapotoka. Ili kujua panapogusa kupita kiasi, paka lipstiki kidogo sana kwenye ukingo wa bodi ya chini, bonyeza bodi ya juu, kisha inua. Rangi ilipohamia ndipo pa kukwangua. Kwangua kidogo, jaribu tena, kwangua tena.

Kwenye seti za aina hii mshukiwa wa kwanza ni kinundu cha mviringo kilichoachwa na pini inayosukuma kipande kutoka kwenye kalibu. Kinakaa upande wa ndani, hivyo watu hukipuuza, nacho kikiwa na nusu milimita tu mbele, bodi huinuka zaidi ya hapo nyuma. Mshukiwa wa pili ni kisiki cha fremu, vile vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande vya seti, ambacho hakikukatwa kikaisha. Sawazisha vyote kwa tupa.

Ubavu ulioingia ndani unataka mihimili. Pima upana wa ndani wa bodi ya chini pale ambapo haijapinda, kata vipande vitatu vya fremu kwa urefu huo huo, uvikaze kwa kukingama: kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma. Vibandike na uviache hadi kesho yake. Havitaonekana kamwe.

Kama bodi ya juu yenyewe ndiyo imepinda, tumia maji ya moto. Polistairini, plastiki ya modeli hizi, hulegea kabisa ikikaribia nyuzi 100. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo mna nafuu kidogo kuliko watu wa Mombasa, ila nafuu hiyo isikulevye. Epua sufuria, subiri dakika moja, zamisha bodi kwa sekunde 15, ilaze juu ya kigae bapa, ikandamize kwa kitabu kizito hadi ipoe. Rudia ikibidi. Mtutu wa mzinga usikaribie sufuria hiyo. Ni mwembamba, na ukilegea haunyooki tena.

Kisha ndiyo gundi, kwa awamu. Bandika mbele peke yake na usubiri saa moja. Endelea na mbavu, sentimita 3 kwa wakati, pande zote mbili sambamba. Malizia nyuma. Gundi ya maji inayoyeyusha plastiki huonekana imeshika baada ya dakika chache, lakini ndani kiungo ni laini kwa karibu siku nzima, na hapo ndipo vibanio vyako vilipokuwa vikitolewa mapema.

Mwanya utakaobaki baada ya hayo sasa ni halali ya fila. Ukizidi milimita 1, usiujaze kwa fila tupu. Kata ukanda wa plastiki wenye umbo la kabari, mnene nyuma na mwembamba kuelekea mbele, uupenyeze, ubandike, kisha ulainishe kwa kisu. Kikombe cha yoghati chenye namba 6 ndani ya pembetatu chini yake ni polistairini, kwa hiyo kinashikana na kifaru kwa gundi ile ile. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76 na inafaa pia, lakini nyingi ni plastiki ya aina nyingine, kwa hiyo ibandike kwa supagluu.

Angalizo moja. Kwenye T-34 halisi, bamba la juu la nyuma lilifungwa kwa boliti ili mafundi walishushe na kufikia gia. Mstari mwembamba kuzunguka bamba hilo ni sahihi, usiuzibe. Mabamba ya mbele na ya ubavuni yaliungwa kwa kulehemu, kwa hiyo hapo ziba, na fila ikiwa bado mbichi ibonyezebonyeze kwa ncha ya kisu, mapigo ya karibu karibu, ifanane na mshono wa welding. Watu hupoteza siku nzima wakilainisha mahali ambapo kiwanda chenyewe hakikulainisha.

Fila gani, kwa bei ya hapa?

*Niko Kisumu. Fila ya modeli haipatikani madukani na kuagiza ni ghali. Mafundi wa magari wanatumia fila yao ya mkebe. Inafaa? Na ile mbinu ya kuyeyusha fremu inafanywaje?*

Fila ya magari yenye kemikali ya kugandisha inafaa kwa mashimo makubwa tu, na kwa tabaka lisilozidi milimita 2. Hutoa joto inapoganda, na ukiirundika inaweza kulainisha plastiki nyembamba iliyo chini yake. Kemikali ya kugandisha iwe karibu asilimia 2 ya uzito, yaani kipande cha ukubwa wa punje ya harage kwa fila ya ukubwa wa yai dogo. Ukizidisha, itaganda ukiwa bado unachanganya. Ile fila laini ya bomba ya kumalizia mikwaruzo husinyaa ikikauka. Ipake nyembamba, ngoja siku nzima, urudie.

Kwa mwanya wa chini ya milimita 1 tunapenda zaidi uji wa fremu, na ni bure. Tafuta chupa ya zamani ya rangi ya kucha, isafishe kabisa. Katakata fremu ya seti ile ile vipande vidogo kama punje za mchele hadi ijae theluthi. Mimina gundi ya maji ya modeli ivifunike na kuzidi kidogo, funika, acha usiku kucha. Asubuhi inatakiwa iwe nzito kama asali. Ikiwa ngumu ongeza gundi, ikiwa nyepesi ongeza fremu. Brashi iliyo kwenye kifuniko ndiyo utakayopakia. Asetoni safi kutoka maduka ya vipodozi hufanya kazi hiyo pia, ila uji wake huwa na vipovu zaidi. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha iliyoandikwa haina asetoni usiitegemee kwa kazi hii. Fungua madirisha, na jiko likae mbali: mvuke wa asetoni hushika moto upesi.

Ubaya wa uji huu ni kwamba unayeyusha kila unachogusa na huchukua muda kukauka. Ujaze upite kidogo usawa wa bodi, uache siku 2 au 3, ndipo upige msasa wa maji: namba 400, kisha 600, umalizie 1000. Ukipiga kesho yake utaona umelainika vizuri, halafu utasinyaa na kuacha bonde.

Mwenye haraka atumie supagluu na poda ya watoto, vijiko sawa kwa sawa, ikorogwe juu ya kifuniko cha chupa. Inaganda kwa dakika chache na haisinyai. Ipige msasa ndani ya saa moja. Ukiilaza hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utakula plastiki uiache fila imesimama kama kilima.

Mnara ni habari nyingine. Ule wa T-34/85 ulisubiwa kwa chuma cha kumimina, uso wake haukuwa laini na mstari wa kalibu ulionekana. Kwa hiyo kiungo cha nusu mbili za mnara kizibe kwa uji, na kabla haujakauka uupigepige kwa brashi ngumu iliyokatwa nywele fupi. Mnara uliolainishwa kama bakuli la sufuria unaonekana wa uongo hata ukipakwa rangi kwa ustadi gani.

Ekseli zimekatika zenyewe

*Nilipaka wosha, yaani rangi nyepesi ya kuingia kwenye mikunjo, ya rangi ya mafuta niliyoizimua kwa petroli, kwenye magurudumu. Kesho yake mikono mitatu ya magurudumu ilikuwa imekatika bila kuguswa. – Msomaji, Kakamega*

Petroli hushambulia polistairini. Lakini hata tapetaini, ambayo ndiyo sahihi, ingeweza kukuletea haya, maana mikono yako ilikuwa imelazimishwa kuingia kwenye matundu yasiyolingana. Plastiki iliyokazwa hubeba mkazo ndani yake. Kimiminika kikipenya kwenye kona isiyo na rangi, mkazo huo hufunguka kama ufa.

Panua matundu kwa keekee ya mkono hadi mkono uingie bila kusukumwa. Paka praima, yaani rangi ya msingi, sehemu zote, hata zile za nyuma ya magurudumu. Wosha isimwagwe ikatuama kwenye viungo. Iguse tu kwa ncha ya brashi kwenye mikunjo, na ziada uinyonye kwa kitambaa kikavu. Mikono iliyokatika itoboe pande zote mbili kwa keekee ya milimita 0.5, penyeza kipande cha waya, tia supagluu. Gundi ya kawaida peke yake haitabeba uzito hapo.

Ukungu mweupe juu ya rangi

*Rangi ya kupuliza imekauka ikiwa na weupe kama majivu. Nilipuliza jioni, mvua ikikaribia. – Kisumu*

Umejijibu. Kiyeyusho cha rangi kinapoondoka haraka hupoza uso wa plastiki, na hewa yenye unyevu wa ziwa huacha matone madogo ndani ya rangi mbichi. Puliza kati ya saa nne na saa sita asubuhi, siku ambayo nguo zinakauka upesi kwenye kamba. Tikisa mkebe dakika 2, simama sentimita 20 hadi 25, pitisha mkono bila kusimama, na uache dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka. Tabaka tatu nyembamba. Tabaka moja nene la rangi ya magari linaweza kuyeyusha maungio uliyoyahangaikia. Mkebe ukiwa baridi utie kwenye maji ya uvuguvugu, yale mkono unayoyavumilia, kamwe usiuweke jikoni.

Weupe uliopo tayari mara nyingi huondoka kwa mpulizo mmoja mwepesi wa rangi ile ile siku kavu. Na kabla ya kijani, anza na praima ya kijivu. Itakuonyesha kila mwanya uliodhani umeuziba, na utarudi kwenye uji wako mara moja au mbili. Hilo ni la kawaida.

Minyororo na udongo

*Minyororo ya mpira ya T-34 yangu ni mirefu, inaning'inia. Niikate? Na udongo mwekundu wa huku Bungoma unafaa kwa tope?*

Usikate kabla ya kutazama. T-34 haina vigurudumu vya juu vya kurudishia mnyororo. Mnyororo wake hulala juu ya yale magurudumu matano makubwa, ukilegea. Usiilinganishe na T-72, kifaru cha baadaye (33 vilikuwa ndani ya meli MV Faina iliyotekwa na maharamia mwaka 2008 ikielekea Mombasa): hiyo ina vigurudumu vitatu vya juu kila upande, na mnyororo wake hukaa juu zaidi. Kwako, tia tone la supagluu juu ya kila gurudumu na ushikilie mnyororo chini kwa kijiti hadi ushike. Ukibaki mrefu bado, ondoa pingili moja upande wa chini na ushone kiungo kwa uzi mweusi. Rangi iwe ya akriliki. Rangi ya mafuta juu ya mpira huo hunata miezi mingi. Mwisho sugua meno ya mnyororo kwa penseli 6B, yatang'aa kama chuma kilicholika.

Udongo wa Bungoma ni mzuri, ila T-34 iliyopigana Ukraine ilikanyaga udongo mweusi. Vumbi la kijivujivu la Nakuru lingekaribia zaidi. Mwekundu utumie ukiunda kifaru cha mazoezi ya hapa kwetu. Vyovyote vile, ukaushe juani, uchuje kwa soksi nyembamba ya kike mara mbili, kwa sababu punje ya mchanga yenye nusu milimita kwenye kipimo cha 1/35 ni kokoto ya karibu sentimita 2. Changanya na vanishi isiyong'aa, uipake chini ya vikinga tope na kati ya magurudumu.

Ukikauka utapauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye upande wa chini wa bodi.