Kaboni iliyotumika: uliza kwanza ilikunywa nini

Vijana wanaokuja fildi kwetu Tanga hawamalizi wiki ya kwanza bila kuuliza swali hili. Wakishaviona viroba vya kaboni iliyotumika vilivyopangwa nyuma ya stoo, mmoja atasema: "Mkubwa, si mkaa tu huu? Kwa nini tusiupeleke ukachomwa upya, turudi kuutumia?" Swali zuri, ila jibu lake halianzii kwenye tanuru.

Vitabuni mtaikuta ikiitwa mkaa amilifu. Kazini tunasema kaboni. Nyingi tunayotumia kusafishia maji imetokana na vifuu vya nazi, kitu ambacho mtoto wa Pangani amekikanyaga tangu anajifunza kutembea. Kifuu kikichomwa bila hewa, kisha kikapigwa mvuke kwenye joto kali, hutoboka vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu moja ikawa na uso wa kama mita za mraba 1,000. Kijiko kimoja cha chakula kingetandikwa kingefunika kiwanja cha mpira cha Mkwakwani. Sasa, Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwenye vitundu vya kaboni mambo ni kinyume: mgeni, yaani uchafu wa maji au hewa, akija haondoki, mpaka atolewe kwa moto.

Kwa hiyo msiniulize kaboni ni nini. Niulizeni ilikunywa nini.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu kazini, mahali ambapo sitapataja, tulibadilisha kaboni kwenye mitambo miwili kwa siku moja. Mmoja ulikuwa tangi la kutoa klorini kwenye maji. Mwingine ulikuwa pipa lililovuta hewa ya chumba cha kupakia vanishi. Viroba vilikuwa vya aina moja, nami nikaviandika kwa chaki. Usiku ikanyesha. Asubuhi nina viroba 14 visivyo na jina, na nyuma ya kibanda mzee wetu wa zamu anachemsha chai. Chenga za kaboni zilikuwa zinadondoka kwenye matundu ya jiko, basi akatandika kipande cha bati, akazirundika juu yake na kuni kidogo. Nilimwamkia, kabla hajaitikia vizuri nikaisikia harufu: tina, ile ya mafundi rangi.

"Mkaa wenu huu unawaka vibaya," akaniambia, "halafu unaniwasha macho."

Chai ilimwagwa, mzee akapelekwa hospitali kuangaliwa na akarudi salama. Viroba vyote 14 tukalazimika kuvihesabu kuwa taka hatarishi, ingawa zaidi ya nusu vilitoka kwenye maji ya kawaida. Gharama yake ilinifuata kwenye vikao kwa miezi. Tangu siku hiyo naandika kwa rangi ya mafuta, pande mbili za kiroba, na karatasi nyingine ndani ya mfuko wa nailoni.

Turudi kwenye swali lenu. Kaboni iliyofanya kazi ya kutoa klorini tu kwenye maji ya bomba ndiyo rahisi kuliko zote. Klorini haikai mle ikiwa sumu. Inakutana na kaboni na kugeuka kloridi, ile iliyomo hata kwenye chumvi, ambayo huondoka na maji. Hiyo mara nyingi inafaa kurudishwa. Iliyovuta mvuke wa tina au petroli inaweza kufaa pia, lakini safari yake ni ya hatari, maana kuna viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi na gundi, vinavyoipasha joto kaboni mpaka ishike moto yenyewe. Iliyonasa mafuta ya kula nayo nawaomba msiirundike juani. Iliyolowekwa kostiki soda ili kuzuia harufu ya maji taka ina tabia zake, isichanganywe na nyingine hata kama kwa macho zinafanana.

Halafu kuna ninayoikataa bila mjadala mrefu. Kaboni yenye zebaki, kwa mfano. Mkoa wetu una wachimbaji wadogo wa dhahabu, Handeni na Kilindi, na mtu akikuletea kaboni iliyopita kwenye sayanaidi, ile sumu ya kutolea dhahabu kwenye mchanga, akisema "safi hii, dhahabu imeshatolewa", jua kwamba kilichotolewa ni dhahabu. Zebaki haiungui ikaisha. Inapanda na moshi, kisha inashuka mahali pengine. Viyeyushi vyenye klorini ndani yake, navyo, vikichomwa hutoa asidi inayokula tanuru, na moto ukiwa hafifu huzaa dioksini, sumu kali. Hizo si kazi za kubahatisha.

Maana kuchomwa upya kwenyewe si kuchoma kama mnavyodhani. Ni tanuru la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, lenye mvuke na hewa kidogo sana, na moshi wake lazima uingie chumba cha pili uungue tena, kisha uoshwe. Kila mzunguko unapoteza asilimia 5 hadi 15 ya kaboni, inajazwa mpya. Kuichemsha sufuriani, kuianika juani ufukweni Raskazone, kuitia kwenye oveni ya mkate: hakuna hata kimoja kinachofika huko. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nimeshaona yote hayo yakijaribiwa na watu wenye diploma. Kaboni ya unga msijisumbue nayo, kwa kawaida hutumika mara moja tu.

Kosa la pili la wageni ni kushika kipimo kisicho chake. Maabara watawapa namba ya iodini. Kaboni mpya nzuri huwa na 900 hadi 1,100, yaani miligramu za iodini zinazonaswa na gramu moja. Ikishuka hadi 500, imechoka. Lakini hiyo ni habari ya uchovu tu. Kaboni inaweza kuwa na namba nzuri na bado imebeba madini ya risasi. Cha usalama ni kuona kinachotoka ndani yake. Kipimo wanachotumia Marekani, kwa mfano, huizungusha sampuli saa 18 kwenye maji ya asidi hafifu, uzito wake mara 20, kisha maji yale ndiyo yanapimwa: risasi isifike miligramu 5 kwa lita, zebaki isifike 0.2. Na sampuli yenyewe msichote juu tu ya kiroba. Tangi hujaa upande maji yanakoingilia kwanza, kwa hiyo chenga za juu na za chini zina historia tofauti.

La tatu ni karatasi ya usalama. Kila mwaka kuna kijana anaambatanisha ile iliyokuja na kaboni mpya. Ile inaeleza kaboni kabla haijanywa kitu. Iliyotumika inahitaji maelezo yake, na mwenye tanuru atayadai pamoja na sampuli kabla ya kukubali. Nanyi mdai kwake: je, kaboni ya maji ya kunywa anaichoma peke yake, au anairundika na ya viwandani? Akijiumauma, basi hata akikurudishia usiitie kwenye maji ya watu. Mzigo ukiangukia kwenye taka hatarishi, fuateni vibali vya mamlaka ya mazingira kabla gari halijawashwa.

Na kabla ya yote hayo kuna kuitoa kwenye tangi. Hapa sitanii. Kaboni mbichi, yaani iliyolowa, hunyonya oksijeni ya hewa iliyofungiwa nayo. Tangi halina harufu, halina moshi, unaona chini vizuri, unateremka kuokota koleo na hupandi tena. Sisi tunashusha kipimo cha oksijeni kwa kamba. Nje kinasoma asilimia 20.9. Kikishuka chini ya 19.5 kinapiga kelele, na hakuna anayeingia, hata kama bosi amesimama na saa mkononi.

Wiki iliyopita binti mmoja wa fildi alizuia gari getini. Daftari lake lilisema viroba 21, yeye akahesabu 22. Dereva akapandisha sauti, jua la saa saba, wapakiaji wamenuna. Tukakishusha kile kisicho na maandishi, tukakifungua. Mkaa wa kupikia, dereva alikuwa ameununua Segera akipeleka nyumbani. Binti akakifunga, akamwambia dereva akiweke kwenye kiti cha mbele, akae nacho mpaka mwisho wa safari.