Sisimizi wa njano wamejaa ndani, nipulize dawa gani?

SWALI: Habari mtaalamu, naomba msaada maana hawa wadudu wamenishinda. Ni sisimizi wadogo mno, rangi ya njano njano hivi, walianza kutokea nyuma ya soketi ya jikoni wanaenda mstari mmoja mpaka kwenye sukari, nikanunua dawa ya kupuliza nikawamaliza wote, siku chache kukawa kimya, sasa hivi wako jikoni, bafuni na mpaka kwenye kabati la mashuka. Nitumie dawa gani iliyo kali zaidi ya hiyo?

JIBU: Dada yangu weka hiyo dawa chini kwanza, maana ndiyo iliyokusambazia. Kwa unavyoeleza hao ni sisimizi farao, na hawa jamaa hawana malkia mmoja kama sisimizi wengi tunaowajua, kiota kimoja kinaweza kuwa na malkia kumi, hamsini, hata zaidi ya mia. Na hawana ile habari ya malkia kuruka nje kwenda kuanzisha familia mpya, wanapandana humohumo ndani ya kiota, wakiona mambo yameharibika kikundi kinabeba mayai na mabuu kinahamia ufa mwingine. Hata kama hicho kikundi hakikuondoka na malkia wanaweza kulea mwingine kutoka kwenye mabuu waliyobeba. Sasa wewe umepuliza, umeua wale waliokuwa barabarani tu, waliobaki ukutani wakashtuka wakagawanyika, ndio maana ulikuwa na kiota kimoja na leo pengine una vitatu.

Dawa yao ni chambo, na kiwe cha kuua polepole. Watu wengi hawapendi kusikia hilo neno polepole lakini ndio siri yenyewe, kwa sababu sisimizi anayeokota chakula anarudi nacho kwenye kiota anawalisha wenzake mdomo kwa mdomo, mabuu na malkia nao wanapata, akifia njiani umepata hasara. Ukipata jeli au chambo cha dukani kilichoandikwa ni cha sisimizi farao chukua hicho, soma maelezo yake vizuri. Ukikosa, kuna asidi ya boriki: gramu 1 ya boriki, gramu 10 za sukari, maji mililita 100, koroga mpaka iyeyuke, chovya pamba uweke kwenye kifuniko kidogo pembeni ya njia yao. Usijifanye mjanja ukaongeza boriki, ikizidi wanaikataa au wanakufa kabla hawajafika nyumbani. Ni sumu hiyo, watoto na wanyama wa ndani wasiifikie kabisa, na chombo ulichokorogea kisirudi jikoni.

Ukishatega usipulize kitu chochote, wala usimwage siki au sabuni kwenye njia yao pale penye chambo. Utaona wamejaa kuliko mwanzo, waache wale. Chakula kingine chote funika, maji yanayovuja chini ya sinki ziba, maana wanapenda joto na unyevu na wakiwa na sukari ya bure kwanini wahangaike na pamba yako.

SWALI: Mi wa kwangu ni wadogo pia, ila sina uhakika kama ndio hao farao. Nawatambuaje?

JIBU: Mnase mmoja kwa selotepu, weka kwenye karatasi nyeupe, piga picha na simu halafu ivute. Farao ana milimita 2 hivi au pungufu, mwili wote njano au kahawia hafifu, ncha ya tumbo ndio imekolea, na kiunoni kuna vinundu viwili. Ukiona kichwa cheusi ila tumbo na miguu ni myeupe kama haina rangi, huyo ni mwingine, ukimfikicha utasikia harufu ya nazi iliyooza.

SWALI: Kaka chambo changu cha sukari walikila siku za mwanzo kwa fujo, sasa wanakipita tu. Wamekishtukia?

JIBU: Wamekichoka. Hawa hubadili matamanio, leo utamu, kesho mafuta na protini, kwahiyo weka viwili kwa pamoja, cha sukari na kingine chenye siagi ya karanga au maini, uone wanakimbilia kipi. Badilisha pia kila kikikauka. Na hata ukiona wameisha kabisa usiondoe mapema, yai mpaka kuwa sisimizi mzima ni kama wiki 5 au 6, na yai halili chambo, pupa (buu aliyejifunga akisubiri kuwa sisimizi mzima) pia halili, wakitoka baadaye wakute bado kipo.

SWALI: Naishi ghorofani, nimetega kila kona ila wanarudi. Nina mgonjwa ndani mwenye kidonda, kuna hatari?

JIBU: Nianze na mgonjwa. Hatari ipo, hawa wanafuata majimaji ya kidonda na wanapenya hata kwenye bandeji na pakiti zilizofungwa, na miguuni wanaweza kubeba bakteria kama salmonela na stafilokoka, ndio maana hospitali zinawaogopa sana. Kitanda kisiguse ukuta, shuka lisiburuze sakafuni, vifaa vya kidonda viwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na wakikutwa kwenye kidonda mwambie anayemtibu.

Kuhusu kurudi, huwezi kushinda peke yako. Wanapita kwenye mabomba na njia za nyaya ndani ya kuta, kwahiyo wewe unatega na jirani wa juu anapuliza, wanahamia kwako. Ongea na msimamizi wa jengo, nyumba zote zitege kwa wakati mmoja, hata zile ambazo hazijaona sisimizi, na huyo wa juu aombwe aache kupuliza kabla hamjaanza.