Mtoto kang'atwa na mbwa, leo siku ya sita: je, tumechelewa?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Urambo, Tabora. Mwanangu wa miaka 7 aling'atwa na mbwa koko kwenye shavu la mguu, damu ikatoka. Mbwa alitokomea kwenye mashamba ya tumbaku, hajaonekana tena. Bibi yake alimbandika jiwe la nyoka na kidonda kimefunga vizuri. Leo siku ya sita. Sindano bado zina kazi?

JIBU: Marahaba mama. Zina kazi, ila mpeleke leo, usingoje kesho.

Kidonda kufunga kusikupe moyo. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Mara nyingi dalili hutokea baada ya mwezi 1 hadi 3, na huwahi zaidi kwa aliyeng'atwa kichwani au usoni. Chanjo inatakiwa iwahi kabla havijafika. Mtoto akishaanza kuogopa maji, karibu hakuna anayepona. Simlaumu bibi, alitaka kumsaidia mjukuu, lakini jiwe lile haligusi virusi.

Kabla ya kuondoka, muosheni hapo alipong'atwa, hata kama pamefunga. Mmoja amimine maji kwa jagi, mwingine asugue taratibu na sabuni ya kipande, kwa dakika 15. Tazameni saa kabisa. Wengi huacha baada ya dakika mbili wakidhani zimetimia.

Si kila zahanati ina chanjo hii, kwa hiyo pigeni simu hospitali ya wilaya kwanza, msije mkapoteza nauli. Siku ya sindano ya kwanza huitwa siku 0. Zikidungwa ndani ya ngozi, hurudiwa siku ya 3 na ya 7. Zikidungwa kwenye msuli, huendelea hadi siku ya 14 au zaidi. Msuli ni wa bega, au paja kwa mtoto mdogo, kamwe si tako. Kwa kuwa damu ilitoka, ulizia pia imunoglobulini, kinga iliyo tayari inayodungwa palepale kwenye jeraha. Ikikosekana, chanjo isisubiri. Ulizia na ya pepopunda.

Mngekuwa na mbwa huyo, mngemfungia siku 10 huku mtoto ameshaanza chanjo. Akibaki mzima, chanjo husitishwa. (Hiyo ni kwa mbwa na paka tu, si mbweha wala nguchiro.) Wenu katoweka, basi mtoto amalize dozi zote.

Kadi yake itunze. Aking'atwa tena miaka ijayo, sindano za siku 0 na ya 3 zitamtosha, bila imunoglobulini.