Re: EMT na bastola kiunoni: Jumamosi usivuke daraja nayo

Mkuu, salamu baadaye, hiyo bastola Jumamosi iache nyumbani. Nimesoma swali lako mara mbili nikiwa kwenye ambulensi tumepaki nje ya hospitali, kijasho kikanitoka kabisa, maana ni kama nimeliandika mimi mwaka 2014. Unasema wewe ni EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ambulensi, hapo Pennsylvania, una grini kadi, leseni ya kubeba kwa kuficha umeshapewa na sherifu, na kuna mtu kazini kakwambia sisi watu wa dharura na wafanyakazi wa serikali tunahesabika kama polisi kwa hiyo tunabeba majimbo yote 50. Halafu Jumamosi unaenda Newark, jimbo la New Jersey, kwa dada yako na kitu kiunoni.

HAPANA. Huyo aliyekwambia ni yule yule wa kwangu, na kama siye basi walinyonya ziwa moja.

Sheria anayoisema ipo kweli, inaitwa LEOSA, ilipitishwa 2004, na kwa vile ipo kweli ndiyo maana inaponza watu. Inahusu polisi na maofisa wenye mamlaka ya kisheria ya kukamata mtu, ambao ofisi yao yenyewe imewaruhusu kubeba silaha na wanapimwa shabaha, pamoja na wastaafu wao waliotumikia miaka 10 au zaidi. Sasa wewe umeshamkamata nani? Mimi tangu nianze kazi niliyemkamata ni bibi mmoja aliyekuwa anateleza kwenye machela. EMT hayumo. Zimamoto wa kawaida hayumo. Mpokea simu za dharura wa 911 hayumo, karani wa kaunti hayumo. Kuitwa watu wa kwanza kufika kwenye tukio ni sifa nzuri ya kuwekewa keki siku ya kutushukuru, siyo leseni.

Sasa nikusimulie yangu. Leseni nilipata kirahisi mno na nadhani hapo ndipo kichwa kilipovimba. Unajua mwenyewe Pennsylvania, umri miaka 21, fomu, majina ya wadhamini wawili, dola 20, picha, basi, darasa hamna, mtihani hamna. Nikatoka pale najiona komandoo. Msimamizi wetu wa shifti, mtu mzima, mvi za heshima, akaniambia mbele ya wenzangu "wewe kijana ukiwa na hiyo na kitambulisho cha kazi hakuna askari wa kukugusa nchi hii." Mvi zile ndizo zilizonimaliza, kwetu mtu mwenye mvi akiongea huombi ushahidi.

Basi tukapata msiba Jersey City, mimi na mama watoto tukaondoka jioni, sufuria kubwa ya pilau imefungwa kanga iko siti ya nyuma na mkanda tumeifunga kabisa. Tukavuka daraja la Ben Franklin, na lile daraja kuingia New Jersey ni bure, unalipa unaporudi. Nacheka sasa hivi lakini hakuna aliyelipa kurudi kama mimi.

Hatujafika mbali askari akawasha taa nyuma yetu. Taa ya breki ya kushoto imekufa, jambo dogo tu. Na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuniuliza mtu, nikamwambia afande nina bastola kiunoni, ila usijali, mimi ni EMT, na leseni hii hapa. Nikampa leseni na kitambulisho cha kazi pamoja, nimevipanga vizuri kama mtu anaonyesha vyeti vya shule. Akasoma, akageuza nyuma, akasoma tena, akaniuliza kwa upole kabisa kama najua niko jimbo gani.

Pingu mkuu. Mama watoto anaona. Pilau linanukia gari zima na mimi naulizwa ndani ya sufuria kuna nini.

New Jersey haitambui leseni ya jimbo lingine lolote, si ya Pennsylvania, si ya Texas, na mpaka leo ni hivyo hivyo pamoja na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2022 watu wanayoishangilia, iliyosema kubeba bastola nje ya nyumba ni haki ya kikatiba. Kubeba bila leseni YAO ni kosa la daraja la pili, miaka 5 hadi 10, na wana sheria yao inaitwa Graves Act ambayo inamfunga jaji mikono, ukitiwa hatiani si chini ya miezi 42 ndani kabla hata ya kufikiriwa kuachiwa. Juu yake nikaongezewa shitaka la risasi, kwa sababu muuza duka aliniuzia zile za ncha yenye shimo, holo pointi, huku kwetu halali, kule kutembea nazo ni kosa peke yake. Mwaka mmoja kabla yangu mama mmoja wa Philadelphia alikamatwa hivyo hivyo, naye alimwambia askari mwenyewe, ilibidi gavana aje amsamehe mwaka 2015. Mimi gavana hanijui.

Halafu kuna hili ambalo nyie wenye grini kadi hamlisikii kwenye hizo video za bastola, kwa sababu wanaozitengeneza wamezaliwa hapa. Sheria ya uhamiaji ina kifungu cha silaha, na hukumu moja ya bastola inatosha kukupeleka mbele ya jaji wa uhamiaji ujieleze kwa nini usirudishwe, hata uwe na miaka 20 hapa na watoto wamezaliwa hapa. Ikabidi niwe na mawakili wawili, mmoja wa jinai, mwingine wa uhamiaji ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila karatasi na kuniambia hapo usisaini. Bahati yangu upande wa mashitaka walikubali niingie ile programu ya wanaokosea mara ya kwanza bila kukiri kosa, mwaka mzima naripoti kama mwanafunzi mtoro. Kazini nikasimamishwa miezi, fomu ya uraia niliyokwishajaza ikalala kwenye droo, hela ya kiwanja Kibaha ikaishia kwa mawakili. Na yule mzee wa mvi nilipompigia akasema "mimi nilidhani wewe unajua." ULIDHANI??

Kwa hiyo kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo fungua tovuti ya serikali ya jimbo unaloenda, siyo ya duka, siyo video, siyo mimi, uone kama wanatambua ya kwako. Usipoiona Pennsylvania kwenye orodha, inabaki nyumbani. Na usije ukaniambia utaifungia kwenye buti, ile kinga ya sheria ya shirikisho ya kusafirisha bastola ikiwa imefungwa na haina risasi ni ya mtu anayepita kwenda mahali anaporuhusiwa kubeba. Wewe hupiti, wewe unafikia Newark.

Binamu yako wa posta naye umeulizia. Leseni ya sherifu anaweza kupata kama raia mwingine yeyote, ila kazini asiingie nayo, na hata kwenye maegesho ya posta asiache garini, ni mali ya posta ile na kanuni za shirikisho zinakataza, kuwa mfanyakazi hakumsaidii kitu.

Kulikuwa na swali la aina gani ya bastola inafaa mkono mdogo, hilo watakujibu wengine, mimi yangu haikurudi. Gari walinipa siku ya nne, sufuria imo humo humo, mkanda bado umefungwa, na ilikuwa Agosti. Madirisha tulishusha mpaka nyumbani.